Beti Zilizofunikwa na Salamu

Nakumbuka siku moja ambayo mke wangu hapendi niitaje mbele ya watu, lakini leo ameshinda Perry Barr kwa binti yetu, kwa hiyo vuta kiti, mwanangu, nikusimulie kabla hajarudi. Ni siku niliyoongoza kwaya ya Wakenya kumi na mmoja kuimba wimbo wa Kimarekani katika nyumba ya kutunzia wazee kule Northfield, hapa hapa Birmingham, nikidhani namfurahisha tajiri wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, suti moja, na akili ambazo wakati huo niliziona nyingi.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu Wambui. Wiki jana alinionyesha kwenye simu kipande cha wimbo wa Marekani, bendera zinapepea, vijana wanarukaruka, akasema ndio atakaouimba kwenye sherehe ya shule yao. Nikamuuliza beti zake zinasemaje. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia vizuri, ila kujibu ni Kiingereza tu. "Guka, nobody listens to the verses," akaniambia, yaani babu, hakuna anayesikiliza beti. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye uji. Hakujua anazungumza na bingwa wa mambo hayo.

Mimi nimekulia Ol Kalou, Kenya, na watu wa kwetu, kama hujui, huzipenda nyimbo za Wamarekani wa kofia pana pengine kuliko Wamarekani wenyewe. Jumapili mchana redio ya baba ilizipiga katika kipindi cha salamu. Watu walituma kadi, mtangazaji akazisoma hewani. Sasa sikiliza utaratibu wake, maana ndipo balaa langu lilipozaliwa. Wimbo ukianza, gitaa linalia vizuri. Beti ikitaka kuanza tu, mtangazaji anashusha sauti ya wimbo na kupandisha yake: "Salamu zimwendee Mwangi wa duka la nyama, popote alipo, akizipata awasalimie watu watatu." Kiitikio kikikaribia anauachilia wimbo, nasi jikoni tunapaza sauti. Beti ya pili, salamu tena, shangazi wa fulani na mwalimu wa fulani. Kisha kiitikio, tunapaza.

Kwa miaka yote hiyo, wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote sikuwahi kusikia hata beti yake moja. Nilijua kiitikio tu: nchi yangu ni hii, nami ni wake. Katikati ya wimbo, kwa kadiri nilivyofahamu, alikaa Mwangi wa duka la nyama.

Na shuleni nako walinimalizia. Kila sikukuu ya taifa tulipangwa mistari uwanjani, soksi zimevutwa hadi magotini, tukamsifu mkuu wa wilaya ambaye wengi wetu hatukuwa tumemwona. Wimbo uliotaja nchi ulikuwa wa kusifu, basi. Aliyetaka kusema jingine juu ya nchi alilisemea shambani kwake, tena kwa sauti ya chini. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyopanda ndege kuja Birmingham.

Huku nilipata kazi ya kea. Nilikuwa nikiwaogesha wazee, nikiwavisha, nikiwalisha, na kusikiliza hadithi zao zilezile nikishangaa upya kila siku. Kazi niliipenda. Lililonitesa ni kwamba mke wangu Wanjiru na mtoto wetu Njeri walikuwa bado Ol Kalou. Nilimwacha Njeri akitambaa. Miaka ilipita, na siku moja nilipompigia simu akamwambia mama yake, "Ni yule mjomba wa Jumapili." Mwanangu, neno hilo lilinikata maini. Nilikwenda kazini nikamvisha mzee mmoja sweta kinyumenyume, naye alipoona uso wangu akaivaa hivyo hivyo.

Viza yao ilikuwa imekwama kwenye karatasi moja tu, barua ya mwajiri, itaje jina la mke na la mtoto, tarehe zao za kuzaliwa, na iwe na sahihi ya mmiliki. Meneja wetu, Bi Pauline, alikuwa ameshaipiga chapa. Lakini mmiliki alikuwa mpya, Mmarekani aitwaye Bwana Harlan, aliyeinunua nyumba ile bila kuiona, na alikuwa anakuja Jumamosi kunywa chai na wazee kwa mara ya kwanza. Bi Pauline akasema baada ya chai ndipo atatia sahihi. "Mfurahisheni," alituambia sisi wafanyakazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikajiambia, na mwenyeji wa kuponywa ni mimi. Nikamwahidi kwaya.

Tulifanyia mazoezi Ladywood, ghorofa ya tisa, sebuleni kwa Mama Atieno. Huyu alikuwa nesi wa hospitali, ananizidi umri, na ndiye aliyeshika sauti ya pili katika kwaya yetu. Jirani wa chini alitugongea dari kwa fimbo ya ufagio, na kwa kuwa aligonga sawasawa na mapigo, tulimhesabu kama mpiga ngoma. Tulipoimba kiitikio mara ya sita, Mama Atieno akaweka miwani juu ya kichwa.

"Baba Njeri, hii song iko na verses ama ni chorus tu?"

"Verses ziko, lakini hatuzihitaji. Hapo katikati mimi nitasoma salamu, kama kwa redio."

"Na unajua hizo verses zinasema nini?"

"Mama Atieno, wimbo umetaja nchi. Kwani utasema nini tena?"

Alinitazama kama nesi anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba dawa amekunywa zote. "Haya, wewe ndio conductor," akasema. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini siku ile niliona aliyeuliza ndiye mjinga, nikamwomba atulie tuendelee.

Nilipata nafasi ya pili ya kuokoka nikaipoteza vilevile. Katika nyumba ile alikuwapo mzee aitwaye Reg. Alifanya kazi kiwanda cha magari maisha yake yote, kazi yake ikiwa kufunga milango ya gari, mlango baada ya mlango, na uzeeni furaha yake ilikuwa tuta moja la vitunguu katika bustani ya nyuma. Sasa kampuni mpya ilipoinunua nyumba, waraka ulikuja: mlango wa bustani utiwe kufuli, kea wasipoteze muda kuwafuata wazee nje. Reg akawa anavitazama vitunguu vyake kupitia kioo. Vilikuwa vimeanza kutoa maua, na aliyewahi kulima anajua kitunguu kikitoa maua kimekwisha. Ijumaa nilikuwa namnyoa ndevu huku nikipiga mluzi wimbo wangu. Akafungua jicho moja.

"Unaujua wimbo huo?" akaniuliza.

"Toka utotoni. Kesho tutamwimbia Bwana Harlan."

Alicheka mpaka ikabidi niondoe wembe usoni pake. "Mwimbieni," akasema. "Mwimbieni kwa nguvu zote." Nami nikadhani ananitia moyo. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua Reg.

Jumamosi ikafika. Wazee walipangwa ukumbini kwa viti vyao, vikombe mkononi, keki mezani. Bwana Harlan alikuwa mtu mpole mnene, viatu vinang'aa, na kwenye koti amebandika kibendera cha kwao. Kwaya ikaingia kwa hatua, vitenge vimepigwa pasi, nami mbele na suti yangu moja. Tukaanza na kiitikio.

Mwanangu, tuliimba. Sauti nne zilisimama kila moja mahali pake, na madirisha yakatetemeka. Bwana Harlan alishtuka, akainuka, akaweka mkono kifuani, akaimba nasi huku macho yamejaa maji. Bi Pauline akaniangalia akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aniajiri. Niliiona barua imetiwa sahihi. Nilimwona Njeri ndani ya ndege. Kiitikio kikaisha, kwaya ikashuka hadi mguno wa chini chini kama nilivyowafundisha, nikakunjua karatasi yangu.

"Salamu zimwendee Bwana Harlan, mmiliki wetu mpendwa, popote alipo..."

Nikasikia sauti kutoka kiti cha magurudumu upande wa dirishani. Ilikuwa inakwaruza lakini imesimama imara. Reg alikuwa anaimba beti.

Na beti ilisema nini? Ilisema kwamba asubuhi ya baridi matajiri walifunga lango la kiwanda wakaondoka na ufunguo, na baba akabaki nje na chakula chake cha mchana kwenye kopo. Kabla hajamaliza mstari wa pili wakaingia wengine. Nusu ya wazee wale walifanya kazi kiwanda kimoja, na nusu nyingine walikuwa wameoana nao, na wimbo ule waliuimba ujanani mwao, wakati wa mgomo, wamezunguka pipa la moto mbele ya geti. Ulikuwa umevuka bahari kutoka Marekani kabla yangu, na beti zake zote zilikuwa zimefika salama.

Mimi nikatulia. Wanaimba tu, nikajisemea, wataacha. Lakini kwaya za kwetu zina ugonjwa mmoja, nao ni kuitikia. Mtu yeyote akianzisha, awe mchungaji au mlevi, Mkenya wa kwaya ataitikia kabla hajafikiri. Beti ilipoisha tu, watu wangu kumi na mmoja wakajibu kwa sauti nne: nchi yangu ni hii, nami ni wake! Niliwapungia mikono waache. Wakadhani nasema waongeze. Wakaongeza.

Beti ya pili Reg hakuifuata ya Marekani. Desturi yao pale getini, kumbe, ilikuwa kutoa jina la tajiri wa kwenye wimbo na kutia la tajiri wa siku hiyo. Basi akatunga papo hapo: Harlan ameinunua nyumba asiyoijua, ametia kufuli mlango wa bustani, na vitunguu vya Reg vinatoa maua mbele ya macho yake. Nchi yangu ni hii, ikajibu kwaya, Mama Atieno akiwa mbele ya wote, amefumba macho kwa raha. Beti ya tatu ilihusu kastadi, ule uji wao mtamu wa maziwa, inayoletwa mezani baridi kila Jumanne. Vikombe vikaanza kugongwa mezani. Bibi mmoja aliyekuwa hajainuka bila kushikwa tangu Krismasi akainuka mwenyewe. Na Bwana Harlan alikuwa amesimama vilevile, mkono bado uko kifuani, ameusahau pale.

Wimbo ulipoisha, Bi Pauline alinishika kiwiko akanitoa hadi koridoni.

"Ile barua," akasema, "isahau."

Niliingia chumba cha shuka nikafunga mlango, nikakaa juu ya furushi la taulo, nikalia. Sioni haya kukuambia. Nililia kwa sababu nilijua mimi ndiye niliyemweka mtoto wangu mbali nami, kwa wimbo ambao hakuna aliyenituma kuuimba. Majuto ni mjukuu, nawe wajua huja kinyume.

Mlango ukagongwa, akaingia Reg akisukumwa na Mama Atieno.

"Wimbo ule umeuimba miaka mingapi?" Reg akaniuliza.

"Tangu darasa la tano."

"Na beti hukuzijua?"

"Beti zilipofika," nikamwambia, "mtangazaji alikuwa akisoma salamu." Nikamweleza yote, Mwangi, nyama na watu watatu wa kusalimiwa. Alicheka, Mama Atieno akacheka, hata taulo nadhani zilicheka. Kisha uso wa mzee ukabadilika.

"Mimi nilidhani umetuchagulia sisi," akasema. "Nilidhani, huyu kijana ameuona ule mlango, ameviona vitunguu, anataka tuseme. Nilidhani una ujasiri, kumbe huna habari."

Mwanangu, nimewahi kukemewa na mwalimu, na askofu, na mama mkwe. Hakuna aliyenipiga pale Reg aliponipiga. Kwa miezi nilikuwa nikimpitisha mbele ya mlango ule kila asubuhi, namwambia hujambo, naye ananijibu, nami naendelea na safari.

Nikamuuliza kama wimbo basi ni wa kuitukana nchi. Akatikisa kichwa. Akasema aliyeutunga aliipenda nchi yake mpaka akaikasirikia. Mama Atieno akaongeza lake: "Si ndiyo hiyo, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe Njeri akikosea utamwimbia chorus?"

Hapo hapo nikaitwa ofisini. Bwana Harlan alikuwa ameketi, barua yangu iko mbele yake, Bi Pauline amesimama kando kama askari. Njiani nilikuwa nimeandaa uongo wa aina mbili. Wa kwanza ulimtupia Reg lawama zote. Wa pili ulikuwa mtamu zaidi, nao ni kwamba nilikusudia kila kitu, mimi mtetezi wa wazee. Nilipofungua mdomo, sijui kwa nini, pengine ni lile neno la Reg lililokuwa bado linaniwasha, ukatoka ukweli. Nikamweleza habari za redio ya baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Mwangi alizipata zile salamu. Nikasema sijui. Akaanza kutikisika mabega, na mimi nikadhani amepatwa na ugonjwa, kumbe anacheka. Akasema kwao wimbo ule hupigwa viwanjani kabla ya mpira, hupigwa na wanasiasa wakipanda jukwaani, hupigwa fataki zikilipuka, na beti ikianza watu wote wanakuwa wanapiga kelele. Yeye mwenyewe huupiga kila anapofungua nyumba mpya ya wazee. Amekua nao, ameoa nao, na leo Northfield, akiwa na umri wa babu, ndipo alipousikia. Kumbe na yeye alikuwa na Mwangi wake.

Akauliza ufunguo wa mlango wa bustani uko wapi. Ikawa hakuna anayejua. Walitafuta droo zote. Mwishowe Reg akaomba kisu cha siagi, na mtu aliyefunga milango maisha yake yote akaifungua ile kufuli kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kupaka mkate. Alisukumwa hadi kwenye tuta lake, akang'oa kitunguu kimoja chenye ua, akampa Bwana Harlan. Naye akakipokea na viatu vyake vinavyong'aa vikiwa matopeni.

Kisha akachukua kalamu aitie barua yangu sahihi. Akasimamisha mkono. "La," akasema, "leo nimefundishwa kusikia beti. Barua hii nitaisoma kwanza." Akaikunja akaitia mfukoni, akaenda zake uwanja wa ndege.

Wiki tatu, mwanangu! Nilikonda mpaka nikatoboa mkanda tundu jipya. Mama Atieno aliniletea ugali kutoka Ladywood na haukushuka. Nilimlaani Reg, nikamlaani Mwangi, nikajilaani mwenyewe. Bi Pauline akinipita koridoni alikuwa akiimba kiitikio kwa sauti ya chini, makusudi.

Ndipo bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na barua mbili. Moja ile ya zamani, imezungushiwa duara jekundu, na nyingine mpya, imepigwa chapa upya na kutiwa sahihi. Nikatazama duara. Bi Pauline alikuwa amekosea mwaka wa kuzaliwa wa Wanjiru, na kwa mujibu wa barua ile, mke wangu alikuwa na miaka mitatu na binti yake minne. Pembeni Bwana Harlan alikuwa ameandika kwa mkono: "Hongera kwa familia hii ya ajabu."

Lau angeitia sahihi siku ile, ningeituma mbio, na ofisi ya viza ingeitupa pamoja na jina langu. Na barua hiyo, nakuapia, nilikuwa nimeishika mikononi si chini ya mara kumi. Kila mara nilisoma mstari wa juu wenye jina langu, nikafurahi, nikairudisha.

Walifika baada ya miezi miwili. Uwanjani Wanjiru alinikumbatia, na Njeri akasimama nyuma ya sanduku, akanyoosha mkono kwa adabu: "Habari yako, mjomba." Nililia na kucheka kwa pamoja, watu wakatupisha. Ilichukua karibu mwezi mzima na chipsi nyingi za Northfield kabla sijaitwa baba. Njeri huyo ndiye mama yake Wambui, ili ujue kwamba mtoto huyu anayesema beti hazina msikilizaji yupo hapa duniani kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akasoma.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipenda wimbo, upende wote. Nchi nayo ni vivyo hivyo, hii iliyokuzaa au ile iliyowazaa wazazi wako, au hata ya Mmarekani wa kwenye simu yako. Kabla hujaweka mkono kifuani, uliza beti ya pili inamlilia nani, na kama analia karibu nawe, nyuma ya mlango unaoupita kila asubuhi. Na ukimsikia mtu anailalamikia nchi, usikimbilie kusema anaichukia. Hakuna anayeitungia beti tatu nyumba anayotaka kuihama. Na ukikosea, maana utakosea, sema ukweli mapema, kwa sababu msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na mara nyingine hata wa matajiri.

Wambui nilimsomea beti za wimbo wake hapa mezani, moja moja. Kisha akasema, kwa Kiswahili, cha kwanza nilichokisikia kinywani mwake mwaka huu: "Guka, nitauimba wote."

Nawe Mungu akupe masikio makubwa na mdomo wa kadiri. Akukutanishe na akina Reg wako mapema, kabla vitunguu havijatoa maua. Mlango uliofungwa mbele yako uupatie kisu cha siagi. Salamu hizi zikufikie popote ulipo, mwanangu, na ukizipata uwasalimie watu watatu, ila ngoja kwanza beti iishe.